Kifua Kinapogoma Kupanda

Ndugu Mwenyekiti, Waganga Wakuu wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, wakufunzi, wakunga na mafundi wetu: mmeniomba nizungumzie vifaa vya mazoezi vinavyofanana na binadamu. Mimi nauliza, vifanane wapi? Mtoto bandia aitwaye NeoNatalie hana kope wala kucha za kusifiwa. Ukimjaza maji ya uvuguvugu, anapata uzito na ulegevu wa mtoto mchanga asiyelia. Mkunga akibana maski vibaya, hewa inatorokea shavuni na kifua hakipandi. Akikunja shingo, hakipandi. Akirekebisha, kinapanda. Ufundi wote umewekwa hapo, na waliomtengeneza, Laerdal wa Norway, waliowahi kuuza midoli ya watoto, walijua pia cha kuacha.

Wapo watakaosema tusubiri fedha za vifaa vya kisasa zaidi. Ushahidi wa Hospitali ya Haydom, Mbulu, unasema vingine. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wang'are mbele ya mwanasesere, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kweli, kulinganisha kabla na baada hakuondoi kila shaka. Ila mpango wa Safer Births, uliofuata njia hiyo katika vituo 30 vya mikoa 5, jirani zetu Geita wakiwemo, nao ulishuhudia vifo vikipungua.

Mtasema mkunga aliye peke yake zamu ya usiku hana muda. Ni kweli, na ndiyo maana simtaki Bukoba kwenye semina. Namtaka na mwanasesere kando ya meza ya kuhudumia mtoto mchanga, dakika chache wakati wa kupokezana zamu. Mtoto asiyelia ana dakika moja tu, haitoshi kumfundishia mtu. Vifaa vingine vya mazoezi si lazima tununue: fundi cherehani wa Nkwenda anaweza kutushonea kondo na mfuko wa uzazi wa kitambaa. Kifua kinachopanda tukinunue.

Na kisifungiwe kabatini kwa kuogopa leja. Kituo ambacho mwanasesere wake amechakaa shingoni kwa kushikwa, hicho ndicho tukinunulie mwingine kwanza.