Fedha Zilifika Shuleni, Mtoto Je? Mada kuhusu namna mashirika ya hisani yanavyopima na kuripoti matokeo ya kazi zao



Mwaka 2013 shirika la Twaweza lilianza mradi wa KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za Tanzania Bara. Shule ziligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, fedha zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kundi la pili halikupata ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Baada ya miaka miwili, watoto wa shule zilizopata ruzuku peke yake hawakuwa wamewazidi wale wa kundi la nne. Waliosonga mbele waziwazi ni wa shule zilizopata ruzuku pamoja na motisha.

Sasa tuifikirie ripoti ambayo ingeandikwa kuhusu kundi la kwanza kama kusingekuwa na makundi mengine ya kulinganisha. Ingesema fedha zote zimefika, zimetumika kwa vitabu, chaki na madaftari, na stakabadhi zipo. Mkaguzi angetoa hati safi, na kwa haki, maana hakuna senti iliyopotea. Kila sentensi ingekuwa kweli. Msomaji angeifunga akiamini kwamba watoto wale sasa wanasoma vizuri zaidi, jambo ambalo ripoti yenyewe haijalisema na ambalo halikutokea.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa ripoti zetu. Tunahesabu tulichotoa: vyandarua vilivyogawiwa, semina zilizofanyika, sahihi kwenye fomu ya mahudhurio. Kisha idadi hiyo tunaiita “watu waliofikiwa” na kuiweka chini ya kichwa cha matokeo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inatutaka tuandae kila mwaka taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa. Ni takwa jema, nami nalitetea. Lakini linajibu swali la uaminifu wa fedha. Swali la mabadiliko ya maisha linabaki mikononi mwetu, na wafadhili wengi hawatubani juu yake mradi jedwali la robo mwaka limejaa.

Wengine watasema: sisi tunalinganisha, tunatazama walio na kitu fulani na wasio nacho. Hilo nalo lina mtego, na mfano wake uko ng’ambo ya mpaka tu. Katika eneo la Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyekuja kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2019, walichunguza chati za kufundishia zinazotundikwa darasani. Walipolinganisha shule zilizokuwa tayari na chati na zile zisizokuwa nazo, zenye chati zilionekana kufaulu zaidi. Ndipo wakachukua shule 178, nusu zikapewa chati bila upendeleo. Tofauti ya ufaulu haikuonekana. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba shule yenye uwezo wa kupata chati kwa kawaida ina mengine mazuri pia: mwalimu mkuu anayefuatilia, wazazi wanaochangia. Chati ilibebeshwa sifa za watu.

Eneo hilohilo lilitupa somo jingine. Shule zilipewa vitabu vya kiada, na wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wazuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa pale ni lugha ya tatu. Wastani peke yake usingetuonesha nani aliachwa nyuma. Kwa hiyo naomba sana: tunapopima, tuwatenganishe wasichana na wavulana, walio karibu na barabara na walio mbali, walioanza juu na walioanza chini.

Najua wengi humu mna ofisi yenye watu watano na pikipiki moja. Hamwezi kuendesha utafiti wa shule 350, wala hamhitaji. Linalowezekana ni kupima kabla ya kuanza. Tathmini ya awali ikifanywa mradi ukiwa nusu njia, haina tena cha kulinganishwa nacho. Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto, umeonesha kuwa kipimo hakihitaji kuwa kigumu: watu wa kujitolea wanakwenda nyumbani, wanampa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wanasikiliza kama anaisoma. Mzazi anaona mwenyewe, pale pale uani. Na pale ambapo waombaji ni wengi kuliko nafasi, kura ya wazi mbele ya mkutano wa kijiji ni haki kuliko orodha iliyoandikwa na watu wachache, na wale wanaongoja awamu ya pili ndio kundi letu la kulinganisha. Nimesikia baadhi wakisema kuwa kufanya hivyo ni kuwanyima watu. Fedha isipotosha, kuna atakayengoja kwa vyovyote. Tunachoamua ni namna ya kumpata.

Yapo mambo yasiyopimika hivyo. Msaada wa kisheria kwa mjane anayedai shamba hauwezi kupigiwa kura. Hapo tueleze kesi kwa urefu, zilizoshindwa pamoja na zilizoshinda, tena kwa ridhaa ya wahusika.

Gumu kuliko yote ni kuandika kwamba jambo halikufanya kazi. Mpango wa Uwezo uliamini kuwa mzazi akijua mtoto wake hasomi, atachukua hatua. Watafiti Lieberman, Posner na Tsai walilijaribu wazo hilo vijijini Kenya, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 haukuona mabadiliko ya maana katika vitendo vya wazazi waliopewa taarifa hizo. Matokeo hayo yaligusa kiini cha kazi ya Uwezo, na yakachapishwa. Kwa kuchapishwa kwake, shirika jingine linaloandaa kampeni ya namna hiyo linaweza kujua mapema kuwa taarifa peke yake haitoshi, na fedha zake zikaelekezwa kwingine.

Napendekeza basi semina hii ikubaliane juu ya mawili. Kwanza, kila ripoti ya mwaka iwe na ukurasa wa yale ambayo hayakubadilika, na sababu tunazozidhania. Pili, kabla ripoti haijapelekwa kwa mfadhili, muhtasari wake kwa Kiswahili usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muda wa maswali uwepo, na majibu ya wanakijiji yaambatanishwe kama yalivyosemwa, hata yakipingana na yetu.