Keki ya kwenye picha na pai ya kwenye mbabula

Maneno ya mwanachama wetu mmoja wa Katuba mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Lubumbashi. Tumeyaandika karibu vile aliyasema.



Mlinipa dakika kumi nieleze namna mtu anaweza kujifunza kazi kwa kuangalia televisheni. Nitaeleza. Lakini nyuma yake kuna habari ya deni langu. Papa Trezorie anaijua. Nyinyi wengine hamjaisikia, na leo mtaisikia kwa kinywa changu.

Miaka ile niliishi Sheffield, Uingereza, nikingoja jibu la karatasi zangu. Wengine wenu mlirudi toka Zambia, wengine toka Afrika Kusini, lakini kungoja ni kulekule. Kule Uingereza, mtu anayeomba ukimbizi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Unaamka, unavaa, hauna pa kwenda. Tulikuwa wanawake wane katika nyumba moja, kila mmoja na lugha yake. Siku moja tu katika wiki njo tulikaa sisi wote pamoja: Jumanne, saa mbili ya usiku, mbele ya tele, juu ya shindano la kuoka linaloitwa The Great British Bake Off.

Lilianza mwaka 2010 kwa BBC, na tangu 2017 linaonyeshwa na Channel 4. Wanachukua watu wa kawaida, si wapishi wa kazi, wanawaweka ndani ya hema jeupe katika bustani. Kila wiki wanapewa kazi tatu. Ya kwanza ni kitu wanachokijua na wamekifanyia mazoezi nyumbani. Ya pili wote wanapika kitu kimoja, maagizo yamepunguzwa, na waamuzi wanaonja bila kujua ni cha nani. Ya tatu ni ya kuonyesha ufundi wako wote. Mwisho wa wiki kwa kawaida mmoja anarudi kwao. Na yule wa mwisho kabisa, mshindi, hapewi hata kuta moja. Anapewa sahani ya mguu ya kuwekea keki, na maua.

Sisi wane hatukuelewa. Watu wanalia vile juu ya sahani? Lakini wiki zikapita, na sisi tukawa tunalia nao.

Mwaka 2018 alishinda Rahul Mandal, mtu aliyetoka India kwenda kusoma, akafanya utafiti kule, akaishi Rotherham, mji unaopakana na Sheffield yetu. Kuoka alikujifunzia hukohuko ugenini. Kila wiki alikuwa na hofu, utasema anaomba msamaha kabla hawajaonja. Siku ya fainali chupa yake ya kioo ilipasuka kwa joto, vitu vyake vikaharibika, wakamwongezea dakika 15. Tulisimama wote mbele ya tele kama watu wa mpira. Mimi nilisema moyoni: huyu ni mgeni kama mimi, na ameweza.

Basi nikaanza kujaribu. Na hapa njo kosa langu lilianzia, juu ya kitu nilichopenda ni ile kazi ya tatu, ya kuonyesha. Keki za ghorofa, maua ya sukari, rangi. Ya kwanza na ya pili nilizipita haraka.

Mwaka 2022 nilikataliwa karatasi, nikakubali kurudi. Mnajua namna mtu anatoka Ulaya bila kitu. Jamaa wanakuja kukupokea, wanaangalia mikono, wanaangalia sanduku. Nilisema nitawaonyesha. Chama kikanikopesha dola 250. Nikanunua furu ya umeme, vyombo, rangi, nikafanya keki moja nzuri sana. Mlinipiga picha nayo, ikatoka katika gazeti hili. Ndugu zetu wa mbali, wengine wenu mliiona ile picha, na mwaandishi wetu aliniambia mlifurahi.

Sasa sikilizeni. Picha haikudanganya: keki ilikuwa yangu. Lakini siku ile gazeti lilipotoka, kazi ilikuwa imekwisha kufa. Watu wa mtaa wetu wananunua keki kubwa kwa ndoa na komunyo, si kila wiki. Oda ya tatu, umeme ulikatika keki ikiwa nusu, ikaanguka katikati, nikarudisha makuta ya mteja. Ya nne vilevile. Furu nikaiuza kwa hasara. Na mimi nikaanza kukosa mikutano. Mara mtoto anaumwa, mara kuna kilio. Hakuna mtoto aliyeumwa. Nilikuwa naona haya.

Siku moja Papa Trezorie alifika nyumbani bila kupiga simu. Nilijua anakuja kudai. Alikaa, akanywa maji, akauliza:

"Mama, ile furu iko wapi?"

Nikasema: "Papa, njo nilikula ile furu."

Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Sasa unajua kupika nini yenye batu ba hapa banakula kila siku?"

Alipotoka nilikumbuka ile wiki ya pai. Kila mwaka katika shindano kuna wiki ya kazi za namna hiyo. Na mwamuzi, Paul Hollywood, mwana wa mwoka mikate, na mwenzake wa miaka ile mama Prue Leith, mzaliwa wa Afrika Kusini, walikuwa wanafanya kitu kimoja ambacho mimi kule Sheffield nilikiona cha ukali tu. Hawakuishia kuangalia juu. Walikata, waliinua kipande, waliangalia chini. Juu inaweza kung'aa kama dhahabu, na chini unga bado ni mbichi, umelowa mchuzi. Hapo hakuna la kujitetea.

Pai ya chumvi basi. Ndugu waliotoka Zambia na Afrika Kusini hawahitaji kuelezwa, wameila kila kituo cha basi. Na tena ni chakula cha watu wa mgodi. Kule Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, wachimbaji wa bati na shaba walikuwa wanashuka nayo chini ya ardhi: nyama ya ng'ombe, viazi, kitunguu, vyote vimefungwa ndani ya unga, unashika mkononi bila sahani. Walipohamia migodi ya Mexico waliipeleka, na mpaka leo inauzwa kule. Nilisema: na sisi hapa, mji uliojengwa juu ya shaba, mbona tusiile?

Lakini unga wa pai nyingi unataka siagi baridi na mikono baridi. Katuba, mwezi wa kumi, bila frigo? Hapo nilikumbuka unga wa namna nyingine, wa maji ya moto, ule wanaotumia kwa pai za kusimama bila chombo. Huo hauna haja ya frigo. Unachukua nusu kilo ya unga wa ngano na chumvi. Unayeyusha gramu 200 hivi za margarini katika maji kama glasi moja, yachemke, unamwaga juu ya unga, unakoroga na mwiko, halafu unakanda ungali na joto. Ukiacha upoe unapasuka.

Furu yangu ni mbabula. Sufuria kubwa, mchanga chini, kigae cha chuma juu ya mchanga, pai juu yake, kifuniko, na makala juu ya kifuniko.

Ya kwanza iliungua juu, chini mbichi. Ya pili, nilitia nyama ingali ya moto na mchuzi mwingi, ikavuja yote. Ya tatu sikutoboa tundu la kutolea mvuke, ikapasuka ubavu. Batoto bangu walikula zote, mdogo akasema: "Mama, hii ya leo njo mubaya kuliko ya jana." Huyo njo mwamuzi wangu. Ya tano niligeuza, nikaangalia chini: kavu, rangi ya udongo mwekundu. Siri ni ndogo: nyama na viazi vipikwe kwanza, vikauke, vipoe kabisa, makala mengi yawe chini mwanzoni, ya juu yaongezwe baadaye.

Kisha nikafanya hesabu, kitu ambacho kwa keki sikukifanya hata siku moja. Kwa bei za mwezi huu, pai 30 zinakula unga franka 6,000, margarini 8,000, nyama 22,000, viazi 6,000, vitunguu na chumvi 2,000, makala 4,000. Jumla 48,000. Nauza moja 2,000. Ndiyo kusema pai 24 za kwanza si zangu, zinarudisha mtaji. Zile sita za mwisho njo maisha yangu: franka 12,000. Zikibaki saba, nimepata hasara. Kwa hiyo siku ya mvua napika 20 tu, na viazi vinazidi nyama. Wateja wangu ni madereva wa taksi-basi, wanafunzi, na vijana wanaokwenda kuchimba. Wanataka kitu kizito, chenye chumvi, kinachokaa mfukoni mpaka saa nane.

Kwa pai hizi nimelipa dola 160. Zimebaki 90. Hiyo njo siri yangu, na sasa si siri tena.

Kwa nini nimewasumbua nayo? Juu ya leo alasiri komite inaamua mikopo mitatu mipya, na mmoja katika hao watatu ni dada aliyerudi juzi, ambaye macho yake ninayajua kama yangu. Anataka kutuonyesha kitu kikubwa. Ninaomba mambo mawili.

La kwanza: kabla ya kumpa mtu makuta yote, tumpe kidogo, ya kujaribu wiki mbili nyumbani kwake. Kisha aje na kazi yake na hesabu yake, tukae naye, tukate, tuangalie chini. Kama ni mbichi, si aibu, anarudi kujaribu. Katika lile hema niliona watu wanaoharibu kazi ya kwanza, na ya tatu wanasimama. Mimi ningejaribiwa vile, mngepoteza dola 20, si mwaka mzima wa kunitafuta.

La pili ni kwa gazeti letu na kwa nyinyi mnaotusaidia. Msituombe picha ya keki tu. Mtu akianguka, tuandike kwamba ameanguka, na kwa sababu gani, bila kutaja jina kama hataki. Mimi nilijificha miezi mine juu ya ile picha. Kila nilipotaka kuja kusema, niliiona, nikarudi ndani.

Nimemaliza. Pale nyuma kwenye meza kuna pai 30, nimezipika saa kumi ya usiku. Leo haziuzwi. Ila kila mtu, Papa Trezorie wa kwanza, aigeuze yake aangalie chini, ndipo ale.