Wanja Mmoja, Macho Mengi

Msikilizaji, ukiingia duka la vipodozi utakuta rangi ya mdomo ya kujaribia, kifuniko hakipo, ncha imelika kwa midomo ya wateja. Usiipake mdomoni. Ijaribu nyuma ya mkono, kisha nawa. Virusi vya hepesi, vinavyoleta vilengelenge mdomoni, vinaweza kutoka hata kwa mtu asiye na kidonda, na vikishaingia mwilini havitoki tena.

Lakini hofu yangu kubwa ni jicho. Tazama brashi ya maskara: inagusa kope, inarudi ndani ya kichupa chenye giza na unyevu, inakaa humo mpaka kesho. Bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Na si bakteria tu: mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu, unaoletwa na virusi, ulisambaa Dar es Salaam. Wakati kama ule, wanja mmoja kwa bi harusi na wapambe wake wote ni hatari kubwa.

Dada mpambaji, tumia vibrashi vya kutupa, na kilichogusa kope kisirudi kichupani. Penseli ya wanja ichonge kabla ya mteja mwingine. Nawe mteja uliza bila haya; mpambaji mzuri hakasiriki.

Maskara iliyofunguliwa itupe baada ya miezi 3 hadi 6, hata ikibaki nusu. Ukiugua macho, itupe papo hapo. Jicho likiuma, likiona ukungu au likiogopa mwanga, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usiazime dawa ya matone kwa jirani.