Karatasi Si Kipuri cha Skrini: Uchaguzi wa Ramani kwa Safari Ndefu za Matanga

Mjadala wa ramani ya karatasi na ramani ya kielektroniki umezoea kuendeshwa kama ugomvi wa rika. Wazee wanasema umeme huzima; vijana wanajibu kwamba karatasi huloa. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala hauishi. Mada hii inashika msimamo mmoja: katika safari ndefu ya matanga chombo kiongozwe kwa vifaa vya kielektroniki, na karatasi ibaki chomboni kwa sababu tofauti na ile inayotajwa kila mara. Kazi yake kubwa ni mezani, wakati wa kupanga safari kabla nanga haijang'olewa, na ndani ya batli inayoandikwa kwa mkono kila saa. Anayeiweka kwa hofu ya umeme kukatika tu anaweza kuibeba miaka mingi chini ya godoro, na siku ya shida isimfae kitu.

Nianze na hoja ya umeme, kwa kuwa ndiyo inayopendwa na ndiyo dhaifu. Ni kweli maji ya chumvi hula waya, betri hufa, na radi ikipiga mlingoti inaweza kuunguza kila kifaa kilichounganishwa. Lakini tiba ya kifaa kuharibika ni kifaa cha pili. Kishikwambi chenye GPS yake ndani na ramani zilizopakuliwa, kikifungiwa kwenye mfuko usiopitisha maji na kuchajiwa kwa paneli ndogo ya sola, kinatosha kukifikisha chombo bandarini. Mabaharia wengi hukiweka ndani ya oveni ya jikoni mawingu ya radi yanapokaribia, kwa imani kwamba kasha la chuma litakikinga. Iwe imani hiyo ni sahihi au la, kishikwambi hicho ni chepesi kuliko rundo la ramani za bandari mia, na bei yake ni ndogo. Kama karatasi ingekuwa na kazi hiyo moja tu ya kungoja umeme uzime, ningewashauri muiache nchi kavu.

Kinachoirudisha karatasi mezani ni jambo lililotokea katika bahari yetu hii ya Hindi. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mashindano iitwayo Team Vestas Wind ilikuwa safarini kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, katika mkondo wa pili wa mashindano ya Volvo Ocean Race. Ilikuwa ikienda kwa noti 19, yaani karibu kilomita 35 kwa saa, giza limeshaingia, ilipopanda mwamba wa Cargados Carajos, takriban kilomita 430 kaskazini mashariki ya Mauritius. Watu tisa waliokuwemo walinusurika. Nahodha wake alikuwa Chris Nicholson, baharia mwenye uzoefu wa mashindano hayo. Kompyuta zilikuwa zinafanya kazi, GPS ilikuwa sahihi, na umeme haukukatika hata dakika moja. Chombo kilijua mahali kilipo kwa usahihi wa mita chache. Ambacho watu wake hawakukijua ni kwamba mbele yao kuna nchi kavu.

Tume huru iliyoongozwa na admeri mstaafu wa Australia, Chris Oxenbould, ilitoa ripoti yake Machi 2015, na maelezo yake yanapaswa kusomwa na kila anayetaka kuvuka bahari. Ramani za kielektroniki zinazotumika zaidi leo ni za vekta, yaani ghala la data ambalo programu huchagua kipi kionekane kulingana na ukaribu wa picha. Ukiivuta picha karibu, Cargados Carajos inajitokeza, mwamba, mchanga na visiwa. Ukiisogeza mbali ili uone njia yote ya siku kadhaa, programu inafuta kinachodhaniwa ni kidogo ili skrini isijae. Katika ukubwa ambao njia ilipangiwa, eneo lile lilionekana kama mlima wa chini ya bahari wenye kina cha takriban mita 40, na maji ya mita 40 hayamtishi mtu. Ongezeni pia kwamba eneo lililokatazwa kupitwa lilibadilishwa muda mfupi kabla ya mashua kuondoka Cape Town, kwa ajili ya dhoruba, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyofungua njia kuelekea mwambani.

Sasa linganisheni na karatasi. Ramani ya bahari kuu ya kipimo cha 1:3,500,000 haifai hata kidogo kuingilia bandarini. Kila milimita yake ni kilomita tatu na nusu. Lakini mwamba wa Cargados Carajos una urefu wa kilomita zaidi ya 50, na hivyo kwenye karatasi hiyo unachukua kama milimita 14, urefu wa ukucha wa kidole gumba, na jina lake limeandikwa pembeni. Aliyeuacha pale ni mchora ramani, binadamu aliyejiuliza ni kitu gani kati ya vyote kitaua watu, akakiacha kionekane wazi. Uamuzi huo hauwezi kuzimwa kwa kidole. Rula ikilazwa juu ya njia ya chombo kuelekea Ghuba, jicho litakutana na hatari hiyo bila kuitafuta. Kwenye skrini hatari huonekana ukiifuata. Ramani ya karatasi inaitangaza hata kwa aliyesahau kuuliza. Hapo ndipo tofauti yenyewe ilipo.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni kosa la programu, na programu hurekebishwa. Ni kweli kwa sehemu. Meli kubwa za safari za kimataifa, ambazo kwa mujibu wa SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, zililazimishwa kwa awamu kati ya 2012 na 2018 kuwa na mfumo rasmi wa ramani za kielektroniki, zina uwezo wa kuikagua njia yote na kupiga kengele mahali inapopita juu ya hatari. Vifaa vya mashua ndogo vimeanza kufuata. Hata hivyo kengele hiyo hutegemea mtu kuiwasha, kuiwekea kina sahihi, na kuisikiliza inapolia kwa mara ya arobaini. Naikubali kama ulinzi wa pili. Sioni kwa nini iwe ya kwanza wakati karatasi moja kubwa inafanya kazi hiyo bila mipangilio yoyote.

Lakini wapenzi wa karatasi nao wasishangilie mapema, maana kuna kisa kinachowahusu. Tarehe 9 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty iliondoka Bermuda kwenda Boston. Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Kifaa kililia kwa sekunde moja, kikaonyesha herufi mbili ndogo, DR, maana yake sasa kinakisia tu kwa dira na mwendo, kisha kikaendelea kutoa namba nzuri kama kawaida. Upepo na mkondo viliisukuma meli pembeni kwa saa 34. Usiku wa tarehe 10 ilikwama kwenye fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 nje ya njia yake, ikiwa na watu 1,509, na kwa bahati hakuna aliyeumia. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba maofisa wake walikuwa wanaweka alama kwenye ramani ya karatasi kila saa. Alama zote zilitoka kwenye GPS ileile iliyopotea. Karatasi ilinakili uongo kwa kalamu nadhifu. Kifaa cha Loran-C, cha kutambua mahali bila GPS, kilikuwepo palepale, lakini hakikulinganishwa. Kengele ya kipima kina ilikuwa imewekwa sifuri, kama inavyowekwa bandarini. Na walinzi walipotaja taa ambazo hazikutarajiwa, hawakusikilizwa vya kutosha.

Kwa hiyo karatasi inayopokea namba kutoka kwenye skrini haiongezi usalama. Inaongeza pale inapopokea kitu kingine: mwelekeo wa dira, mwendo, kina kilichopimwa, mnara wa taa ulioonekana kwa macho. Ndiyo maana nasisitiza batli. Baharia anayeandika kila saa majira aliyoshika, mwendo, upepo na kina, kisha akakisia mwenyewe mahali alipo kabla ya kutazama GPS, ana vyanzo viwili vinavyoweza kupingana. Vikipingana, amepata taarifa. Anayenakili latitudo na longitudo tu ana chanzo kimoja kilichoandikwa mara mbili. Haja ya vyanzo viwili imekua kadiri mawimbi ya setilaiti yanavyochezewa. Juni 2017 meli zaidi ya 20 katika Bahari Nyeusi zilionyeshwa na GPS zikiwa kwenye uwanja wa ndege wa nchi kavu, na siku hizi katika Bahari ya Shamu na Ghuba usumbufu wa aina hiyo umekuwa habari ya kawaida. Hapa kishikwambi cha pili na cha tatu havisaidii, kwa kuwa vyote vinasikiliza setilaiti zilezile. Chuo cha jeshi la majini la Marekani, kilichokuwa kimeacha kufundisha usomaji wa nyota mwishoni mwa miaka ya 1990, kilirudisha somo hilo mwaka 2015.

Hapa huibuka hoja ya manahodha wetu wa zamani, waliotoka Oman na Ghuba kwa kaskazi na kurudi kwa kusi bila skrini na mara nyingi bila karatasi. Naiheshimu, ila naona hutumiwa vibaya. Nahodha wa jahazi hakutegemea kipawa. Alikuwa na dira, nyota, rangi ya maji, ndege, na bildi ya kutia majini kila alipotilia shaka. Na usiku karibu na miamba alitia nanga akangoja kuche. Mfano wake unafundisha wingi wa ushahidi na subira, na vyote viwili vinawezekana kwenye mashua yenye GPS.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba karatasi yenyewe inaondoka. Marekani, kupitia NOAA, taasisi yake ya bahari na anga, ilitangaza mwaka 2019 kwamba inaacha kutengeneza ramani zake za kawaida za karatasi, na kazi hiyo ilikamilika kufikia mwanzoni mwa 2025. Idara ya ramani za bahari ya Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kuziondoa za kwake kufikia mwisho wa 2026, kisha baada ya malalamiko ikasogeza mbele hadi angalau 2030. Tena karatasi inahitaji kusahihishwa kwa mkono, na mashua ya mita 12 haina nafasi ya kabati la ramani. Nayakubali yote, na ndiyo maana sitetei karatasi za bandari. Huko mabadiliko ni mengi, boya huhamishwa, na skrini inayoonyesha chombo kikisogea haina mshindani. Karatasi ninazozitetea ni chache: za bahari kuu na za kukaribia pwani. Miamba ya bahari kuu haihami, na karatasi zinazohitajika kwa safari moja hazizidi unene wa gazeti. Kwa maji ya Marekani, NOAA yenyewe imeacha wazi huduma ya bure ya kujitengenezea ramani na kuichapisha.

Nigusie kwa ufupi udanganyifu wa usahihi. Ramani rasmi za kielektroniki zina daraja la ubora wa upimaji, na katika daraja C kosa la mahali linaweza kufika mita 500. Mtu mwenye GPS ya mita tano anayeuvuta mwamba wa daraja hilo hadi ujaze skrini anaona nafasi ya kupita ambayo huenda haipo. Programu inamruhusu kuvuta. Haimwambii kwamba aliyepima alishuka na bildi ya kamba miaka mia iliyopita.

Mwisho niwaachie njia ambayo wengi humu mnaweza kuipita: Mombasa hadi Mahé, Ushelisheli, takriban maili 950 za baharini. Mstari ulionyooka unapita chini ya maili 30 kutoka African Banks, vipande vya mchanga na mwamba kaskazini kabisa ya Amirantes, na mikondo ya huko ina nguvu ya kula maili hizo kwa usiku mmoja au miwili. Naomba majadiliano yaanzie hapo: kila kundi lipange njia hiyo kwa skrini peke yake, kisha kwa karatasi moja, na lieleze ni dakika gani African Banks ilionekana, na nani aliiona.