Goti na Kipenga



Nilipopasuliwa goti kuunganishwa kano iliyokatika, wengi walisema kipenga nimekitundika. Kidonda kilipona upesi. Paja lililokonda ndilo lililochukua miezi 9: magongo, baiskeli, ngazi, mwisho mbio.

Jaribio la marefa halina huruma: mbio 6 za mita 40, kisha mara 40 kukimbia mita 75 na kutembea 25. Ni haki. Refa aliyeachwa na mpira huamua kwa kubahatisha, na anayedhulumiwa ni mchezaji.

Vijana, mkiumia, msirudi uwanjani kwa kuwa maumivu yamekwisha. Ngojeni mguu ulioumia ulingane nguvu na mwenzake.

Jioni hii nachezesha mechi yenu na wazee. Msitarajie upendeleo.