Ajali Ikitokea, Bima Inalipa Nini?

(Hotuba kwa madereva na wenye magari wa Bujumbura na maeneo ya mpakani)



Tumekutana kuzungumzia jambo lijalo bila kupiga hodi. Mtu huondoka Bujumbura alfajiri, akapita Gatumba kuelekea Uvira, na kabla jua halijatua gari lililokuwa likiwalisha watoto wake limekuwa chuma kilichokunjamana. Kesho yake hutujia akiuliza: "Afande, si nina asiransi? Watanipa gari lingine lini?"

Jibu huwa chungu. Bima ambayo sheria humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo humlinda yule uliyemgonga. Gari lako haliligusi. Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987, haitofautiani nayo katika hilo. Hukubaliwa hapa kwetu, Kongo, na hata Tanzania, ingawa nchi hiyo ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukimjeruhi mtu Uvira au Ngara, kadi hiyo ndiyo njia ya kumfidia. Gari lako mwenyewe hulipwa na bima yako ikiwa tu uliongeza kinga ya madhara ya gari, na mkataba ukatamka kwamba kinga hiyo inavuka mpaka.

Na ikiwa mwenzako ndiye mwenye kosa? Hapo unadai kwenye bima yake. Lakini kosa huthibitishwa kwa taarifa ya polisi, yaani PV. Kwa hiyo msipatane barabarani kwa faranga chache. Msaidieni majeruhi kwanza, mwite polisi, piga picha kabla magari hayajasogezwa, andika namba za magari, za bima na za mashahidi. Kisha ijulishe kampuni yako kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na mkataba, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Liko jambo la pili: kiasi cha fidia. Mwezi Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani rasmi ya faranga yetu. Magari yetu mengi hununuliwa nje kwa dola, yakapitia Dar es Salaam, kisha yakatozwa ushuru. Aliyeacha thamani ya zamani katika mkataba wake hulipwa kwa hesabu ya zamani, naye hununua gari kwa bei ya leo. Kila unapolipia bima upya, rekebisha thamani hiyo.

Mkadiriaji akileta hesabu ndogo, usitie sahihi kwa haraka. Sahihi ya kukubali malipo kwa kawaida hufunga madai yako yote. Omba maelezo kwa maandishi, nawe uwe na makadirio ya fundi wako.

Mwisho, usiuze mabaki ya gari pamoja na namba na hati zake za usajili bila kufuata taratibu. Namba hizo zaweza kuvishwa gari la wizi, nawe ukatafutwa kwa kosa usilolijua.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo toa mkataba wako na usome mambo mawili: unamlinda nani, na kwa kiasi gani. Ukiona neno usilolielewa, muulize aliyekuuzia bima kabla hujawasha gari.