Aliyekaa Chini Hamshambulii Mtu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanaharakati na waumini wa Kibera na Kawangware



Swali tuliloletewa ni fupi. Je, ni halali askari polisi kutumia silaha za umeme dhidi ya mtu asiye na silaha, asiyempiga mtu wala kumtisha, ila amekataa tu kutii amri?

Wapo wanaotushauri tukubali upesi. Husema hivi: ninyi ndio mliozika watoto kwa sababu ya risasi, ninyi ndio mnaolala nyuma ya mabati ambayo risasi huyapenya kama karatasi, basi waacheni polisi wapewe chombo kisichoua. Hoja hii si ya kubezwa. Mwezi wa Agosti 2017 msichana wa miaka 9 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Mathare. Tarehe 30 Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 aliuawa vivyo hivyo, kwenye roshani, mtaani Kiamaiko. Mzazi aliyezika mtoto wa namna hiyo akituambia kwamba angependelea umeme kuliko risasi, hatutathubutu kubishana naye.

Lakini hilo si swali tuliloulizwa. Hatukuulizwa kama umeme ni afadhali kuliko risasi. Tumeulizwa kuhusu mtu aliyekaa chini. Na kwa mtu aliyekaa chini, risasi haikupasa kuwapo tangu mwanzo. Kwa hiyo ukimpiga kwa umeme hukumpunguzia maumivu yoyote, umemwongezea.

Na tuseme kwanza silaha hii hufanya kazi namna gani. Ile ijulikanayo zaidi, iitwayo Taser, hurusha vishale viwili vidogo vilivyofungwa kwenye nyaya. Vikinasa mwilini, umeme hupita katikati yao na kuikaza misuli, mtu akaanguka kama gogo. Kwa kawaida kila ufyatuaji mmoja hudumu sekunde 5, lakini askari anaweza kurudia, na kurudia tena. Iko na njia ya pili: kuigandamiza silaha yenyewe juu ya mwili bila vishale. Njia hii haimwangushi mtu wala haimzuii kufanya lolote. Kazi yake ni moja, kumuumiza mpaka akubali. Ndugu zetu, kitu ambacho kazi yake ni kumuumiza mtu mpaka akubali kina jina la kale katika nchi hii, na wazee waliopita katika vyumba vya chini vya Nyayo House wanalijua. Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, ilipoichunguza Ureno mwaka 2007, ilisema kwamba maumivu ya silaha hiyo ni aina ya mateso na kwamba wakati mwingine huua.

Naam, huua. Tarehe 14 Oktoba 2007 msafiri kutoka Poland, Robert Dziekański, alifariki katika uwanja wa ndege wa Vancouver nchini Kanada. Alikuwa amekwama humo saa nyingi, hajui Kiingereza, amechoka na kuchanganyikiwa. Polisi wanne walifika, na muda mfupi baadaye alikuwa amekwisha kupigwa umeme mara 5. Tume iliyoongozwa na Jaji Thomas Braidwood ilisema mwaka 2010 kwamba polisi hao hawakuwa na sababu ya kutosha. Mwaka 2011 huko Pinehurst, Marekani, Ronald Armstrong, mgonjwa wa akili aliyetoka hospitalini, aliukumbatia mti wa kibao cha barabarani akakataa kuachilia. Hakumpiga mtu. Alikuwa ameshikilia mti, basi. Alipigwa umeme mara 5 kwa muda wa kama dakika 2, akaondolewa pale kwa nguvu, akafa. Mahakama ya rufani iliamua mwaka 2016 kwamba kukataa kuachilia si sawa na kuleta hatari, na kwamba silaha hiyo haitumiki ila penye hatari ya papo hapo. Hata hivyo polisi wenyewe walikingwa na sheria wasilipe fidia. Tunalitaja hilo kwa sababu wapo kwetu wanaofikiri kwamba vyombo vya kisasa huja pamoja na haki ya kisasa.

Sasa turudi nyumbani, maana kisa hiki kwetu ni cha kale kuliko umeme.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa wa enzi ya Mau Mau walitolewa kwenda kufanya kazi ya kulazimishwa. Walikataa. Hawakuwa na silaha, na walikuwa mikononi mwa serikali tayari; hawangeweza kumdhuru mtu. Kosa lao lilikuwa kutotii. Mpango uliotumika siku hiyo, uliopewa jina la afisa wa magereza aitwaye Cowan, ulitofautisha nguvu ya kulazimisha na nguvu ya kuadhibu. Kwenye karatasi tofauti hiyo ilisomeka vizuri sana. Kwenye shamba la Hola, mbele ya askari wenye virungu na watu waliokataa kuinuka, haikudumu hata asubuhi moja. Watu 11 walikufa. Wakubwa wakatangaza kwamba wafungwa walikufa baada ya kunywa maji, na uchunguzi wa maiti ukawaumbua.

Miaka 33 baadaye, siku ile ile ya 3 Machi, mwaka 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa katika bustani ya Uhuru hapa Nairobi, tangu tarehe 28 Februari, wakifunga kula na kudai wana wao waachiliwe. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa mwezi wa Desemba, vyama vingi vimeruhusiwa, na bado wana wao walikuwa gerezani kwa sababu ya kusema yale ambayo sasa kila mtu aliruhusiwa kuyasema. Waliambiwa waondoke, wakakataa. Wakapigwa kwa virungu na kutupiwa gesi ya kutoa machozi. Wangari Maathai akapigwa hadi kuzirai. Baadhi ya mama wale wakavua nguo zao mbele ya askari, na kila aliyelelewa na mama Mwafrika anajua maana ya jambo hilo. Kisha wakaingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na wakakaa humo, chini ya kanisa, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 wengi wa wafungwa wale walikuwa huru.

Tunawaomba mfikirie jambo moja hapa. Virungu vya siku ile viliacha majeraha. Picha zilipigwa, damu ilionekana, dunia ikauliza. Vivyo hivyo tarehe 7 Julai 1997, Saba Saba, polisi walipoingia katika Kanisa Kuu lile lile na kuwapiga waliokuwa wakisali; Mchungaji Timothy Njoya alitoka akivuja damu, na baadaye Askofu Mkuu David Gitari akaongoza ibada ya kulitakasa kanisa. Rungu ni katili, lakini huacha shahidi. Umeme huacha vidoto viwili mwilini, au alama ndogo ya kuungua, na kesho yake mwananchi anasimama mbele ya daktari na fomu ya P3 mkononi akiwa hana cha kuonyesha. Kwa hiyo wanaposema kwamba silaha hii ni nyepesi, tuulize: ni nyepesi kwa nani?

Tena, kila chombo chepesi huufanya mkono uwe mwepesi. Hili hatulisemi kwa kubahatisha. Tumeliona kwa gesi. Gesi nayo ililetwa kama chombo cha huruma, cha kuokoa watu na risasi. Tarehe 19 Januari 2015 ilirushwa kwa watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, jirani zetu hapa, waliokuwa wakidai uwanja wao wa kuchezea ulionyakuliwa. Serikali iliomba radhi, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuwashwa. Na ninyi mnajua gesi hufanya nini ikiingia katika chumba kimoja cha mabati chenye mama na mtoto mchanga, dirisha hakuna. Hata bunduki za kutuliza ghasia hazikuwa salama: tarehe 17 Juni 2025, katikati ya jiji, mchuuzi wa barakoa asiye na silaha alipigwa kichwani kwa karibu na askari mwenye bunduki iliyoelezwa kuwa ya aina hiyo, akafariki siku 13 baadaye.

Askari asiye na umeme, akimkuta mama amekaa mbele ya tingatinga, kama wengi walivyokabili tingatinga hapa Kibera mwezi wa Julai 2018 nyumba na shule zilipobomolewa kupisha barabara, ana njia mbili za halali. Aseme naye, au amwinue. Kumwinua mtu aliyejilegeza kunahitaji askari wanne, jasho, muda, na haya kidogo mbele ya watu wanaotazama. Wakubwa huita hayo usumbufu. Sisi twaona kwamba usumbufu huo ndio nafasi iliyobaki ya afisa kujiuliza kama amri aliyopewa ni ya haki, na ya wakili kufika na karatasi ya mahakama. Umeme huifuta nafasi hiyo kwa sekunde 5.

Watu wa kanisa mtakumbuka kwamba Bwana wetu, akiwa amefungwa mbele ya kuhani mkuu, alipigwa kofi na mlinzi kwa sababu tu jibu lake halikupendeza. Hakurudisha kofi. Lakini hakunyamaza pia. Aliuliza sababu ya kupigwa. Twawasihi wale ambao kila Jumapili hutuambia mwenye nguvu mpishe, wakisome kisa hicho upya.

Nayo sheria yetu haikunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha; kifungu cha 29 chamkinga na ukatili, uwe wa serikali au wa mtu binafsi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, yamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikitumika ilingane na lengo na uzito wa kosa. Aliyejeruhiwa apate matibabu mara moja. Askari mwenye sare avae jina au namba inayoonekana. Na amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Sheria hiyo ni nzuri. Taabu ni kwamba tumewaona wangapi wakiwa na namba kifuani siku ya maandamano?

Msimamo wetu basi ni huu. Mtu mwenye panga aliyemwelekea mwenzake, na askari hana njia ila bunduki: hapo, umeme ukiokoa maisha mawili, hatutasimama njiani. Hata kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zilizihimiza serikali ziwe na vyombo visivyoua, ila vipimwe na kudhibitiwa kwa makini. Lakini mtu aliyekaa, aliyejilaza, aliyeshikilia mlango wake, aliyekataa kutaja jina, aliyefungwa pingu, mgonjwa wa akili asiyeelewa amri: huyo asiguswe kwa umeme, hata mara moja, hata kwa sekunde moja. Na umeme unaposhikwa mkononi, rungu na risasi virudi nyuma. Isiwe askari ameongezewa silaha ya nne juu ya zile tatu.

Kwa upande wetu, anayekaa chini akae kweli. Jiwe moja likirushwa kutoka nyuma, mama aliye mbele amepokonywa ngao yake. Tunawaambia vijana bila kuzunguka: aliye na jiwe asije kukaa nasi. Atakayeumizwa aende hospitali siku hiyo hiyo, alama ipigwe picha kabla haijafifia, apate namba ya OB na fomu ya P3, kisha malalamiko yafike IPOA. Kituo kikikataa kuandika, aende na mashahidi wawili, na mchungaji au shehe akiwa mmoja wao.

Kuna kazi moja ambayo tungependa ianze juma hili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa katika siku 21. Kila kanisa na kila msikiti uliowakilishwa hapa uandike barua kwa mkuu wa kituo chake, Kibera, Kilimani au Muthangari, ukiuliza mambo matatu: kituo kina silaha gani za kuwakabili watu wasio na silaha, ni nani aliyefunzwa kuzitumia, na zinapotumika huandikwa katika kitabu gani. Barua iwe na muhuri wa kanisa, nakala ibaki kwa katibu, na tarehe ya kupokelewa iandikwe juu yake mbele yenu. Siku 21 zikipita bila jibu, nakala hiyo ipelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala. Karatasi ziko mezani pale karibu na mlango, na kalamu zipo.